Mkono wa Bosi

Kuna tukio moja kwenye Rivals, riwaya ya Jilly Cooper ya mwaka 1988, ambalo halijanitoka kichwani. Ni karamu ya jioni huko Rutshire, kaunti ya kubuni ambayo Cooper aliijaza watu wa farasi, mawaziri na wenye vituo vya televisheni. Taggie O'Hara, msichana aliyelipwa kupika usiku huo, anapitisha chakula mezani. Rupert Campbell-Black, mbunge, waziri, tajiri wa kuzaliwa, anapenyeza mkono ndani ya nguo yake. Taggie ameshika chakula. Hawezi hata kuusukuma ule mkono.

Kurasa mia kadhaa baadaye wawili hao wanapendana. Kitabu kinaisha wakiwa pamoja na mimi, kusema ukweli, nilifurahi. Halafu nikajishangaa.

Nilikipata kitabu hicho Kitui mjini, kwa muuza vitabu vya mitumba. Cooper alikuwa amefariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 88, na nilitaka kujua kwa nini Waingereza walimlilia vile. Nilielewa upesi. Huyu mama alijua kuchekesha. Mabwana wakubwa wanagombania leseni ya televisheni kama watoto wanaonyang'anyana mpira. Mbwa wana tabia zao, na mara nyingi wana adabu kuliko wenyewe. Hakuna anayehubiriwa. Unasoma ukicheka peke yako kwenye matatu, watu wanakuangalia.

Lakini angalia tunamcheka nani. Valerie Jones, mke wa Freddie aliyetajirika kwa biashara ya vifaa vya elektroniki, anachekwa kwa sababu anajikakamua kuongea na kuishi kama watu wa juu. Pesa yake bado mbichi. Rupert, ambaye amefanya mabaya mara kumi ya Valerie, anasamehewa. Yeye alizaliwa huko juu. Hapo ndipo kicheko cha Cooper kinapofikia mwisho wake: anawajua sana watu hawa, anawapenda sana, na kila mara anawaachia mlango wa nyuma watoke.

Nilipofika kwenye ile karamu nilimkumbuka mwandishi wa upande wa pili wa Mto Athi. David Maillu alizaliwa 1939 huko Kilungu, Makueni. Mwaka 1973 kampuni yake mwenyewe, Comb Books, ilitoa Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle, na 1974 ikatoa After 4.30. Mwaka 1976 Tanzania ilipiga marufuku vitabu vyake. Wahakiki wengi wa vyuo vikuu waliviita takataka. Makarani wa Nairobi walivinunua tu.

After 4.30 maana yake ni saa kumi na nusu jioni, ofisi zinapofungwa na biashara nyingine inapofunguliwa. Kitabu kimeandikwa kwa mistari mifupi kama shairi, kwa Kiingereza chepesi cha mtu anayekuambia siri. Kuna Emili Katango, mama anayelea watoto bila mume na anayelipwa na wanaume ili watoto wale. Kuna bosi anayemwandama karani wake. Ule mkono ambao Cooper aliupitia kwa aya moja, akaufungia kwa mapenzi, kwa Maillu ndio hadithi yenyewe.

Tofauti hii haitokani na Cooper kuwa mcheshi na Maillu kuwa mkali. Maillu naye anachekesha, hasa akiwa na chupa. Tofauti ni aina ya utajiri. Watu wa juu wa Rutshire wana mashamba na majumba ya babu zao. Wabenzi wa Nairobi ya 1974 walikuwa na miaka kumi tu juu ya viti walivyoachiwa na wazungu. Mali yao kubwa ilikuwa ofisi: uwezo wa kuandika mtu kazi na kumfuta. Mwanaume wa namna hiyo akikutongoza, anakutongoza kwa mshahara wako mwenyewe. Unamkatalia vipi halafu Jumatatu unamletea barua atie sahihi?

Nasema hivi kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili nikafanya kazi miezi minane katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Mkono ulianzia begani. Nilicheka kidogo kwa heshima, vile tunavyocheka. Ndiyo maana furaha yangu mwishoni mwa Rivals ilinitia wasiwasi. Cooper alikuwa amenifanya nimwombee heri mtu ambaye, nje ya kitabu, nilimkimbia bila hata kudai mshahara wa mwezi wa mwisho.

Basi Maillu ndiye anayetusemea? Niliamini hivyo mpaka nilipomuuliza shangazi. Ni dada mkubwa wa baba, anaishi Wote na miembe yake, na miaka ya sabini alikuwa mpiga taipu Nairobi. After 4.30 alikisoma akikificha chini ya nguo kwenye sanduku. Nilitarajia aniambie jinsi kilivyomliza.

"Alituona, hilo siwezi kumnyima," akasema. "Lakini shida yake, wanawake wake hawapumziki. Wakifungua mdomo ni wanaume, wanaume. Sisi tulikuwa saba kwenye chumba kimoja, na tulikuwa tunacheka siku nzima. Kila bosi alikuwa na jina. Kulikuwa na mmoja tulimwita Stempu."

"Kwa nini Stempu, shangazi?"

"Kwa sababu ya kulamba midomo kila msichana akipita."

Niliporudi kwa Maillu nikiwa na Stempu kichwani, niliona alichokisema shangazi. Maillu anawapa wanawake wake uchungu na hasira, halafu mara kwa mara anawapandisha kwenye mimbari wamhubirie msomaji. Katika Unfit for Human Consumption, Jonathan Kinama anakula mshahara wake kwa pombe na wanawake, na mwisho wake ni kifo. Cooper anasamehe, Maillu anaadhibu. Katika yote mawili macho yetu yako kwa mwanaume: je, atabadilika, je, ataangamia? Wale wapiga taipu saba, na majina yao ya kupanga, hawana kurasa.

Simdharau Maillu. Aliandika juu ya mshahara wakati wengine waliona mshahara si fasihi. Mwaka 1989 alitoa Without Kiinua Mgongo, akachanganya Kiingereza na Kiswahili vile tunavyoongea, na jina lenyewe tayari ni kilio cha mfanyakazi. Lakini kitabu ninachokitaka kingechukua wepesi wa Cooper na kuuweka mdomoni mwa karani wa Maillu. Kingecheka kutoka chini kwenda juu, kikimcheka yule mwenye kiti na si mke wa tajiri mpya. Mtu mwenye jina la Stempu ni vigumu kumwogopa kama zamani. Mimi wangu sikumpa jina, na sikuwa na wenzangu sita wa kumcheka naye.

Nimemwachia shangazi Rivals. Jana amepiga simu, amefika kwenye ile karamu. Alitaka kujua jambo moja tu: huyo msichana, kwani hiyo sahani ameshika ya nini, si amwage? Nikamwambia asome mwenyewe. Akasema atasoma, lakini huyo Rupert ameshampa jina, na hawezi kulitaja kwenye simu.