Ukoko Usiokuwepo Chini ya Sufuria

Wako wanafizikia ambao kazi yao ni kutafuta kitu, kukikosa, kisha kuupigia hesabu ukosefu wenyewe. Mimi nawavulia kofia.

Wanachotafuta ni mashimo meusi ya kale. Si haya yanayoachwa na nyota kubwa zikifa, bali yale ambayo huenda yalizaliwa katika sekunde ya kwanza ya ulimwengu, kabla ya nyota yoyote kuwaka. Zel'dovich na Novikov waliyawazia katika Muungano wa Kisovieti miaka ya 1960. Hawking akayashughulikia mwaka 1971. Hadi leo halijathibitishwa hata moja.

Mpishi akimaliza kupakua wali asikute ukoko, anajua moto haukupita kiwango fulani. Ulimwengu mchanga nao, popote uliposongamana kupita kiasi, uvutano ungelishinda shinikizo la joto na pale pangeporomoka pakawa shimo. Mwanga wa kale kuliko wote unaotufikia unaonyesha tofauti za msongamano za takriban sehemu 1 katika 100,000, lakini husimulia maeneo mapana tu. Kwa vijieneo vidogo mno, uchache wa mashimo ndio unaotuambia kwamba tofauti hazikuzidi kama 1 katika 10. Kipimo kilegevu, ndiyo. Ila huko mashahidi wengine ni haba.

Kinachonikosha zaidi ni uwindaji wenyewe. Mwaka 1974 Hawking alionyesha kuwa shimo jeusi huvuja joto, na dogo huvuja kwa kasi zaidi. Lenye uzito wa karibu tani bilioni moja, lililojikunja likawa dogo kama protoni, lingekuwa linamalizikia zama zetu hizi, likitapika miale ya gama. Mwaka 1976 yeye na Don Page walilinganisha hesabu hiyo na miale iliyotapakaa angani: mashimo hayo, kama yapo, ni machache mno.

Kisha usiku mmoja wa Novemba 2014, darubini ya Wajapani iitwayo Subaru, huko Hawaii, iliikodolea macho galaksi ya Andromeda kwa saa saba, ikipiga picha kila baada ya dakika mbili hivi. Ilisubiri shimo likatize mbele ya nyota na kuikuza nuru yake kwa muda mfupi. Kama maada ya giza yote, ile isiyoonekana ila uvutano wake huhisika, ingekuwa mashimo mepesi kuliko Mwezi, matukio kama 1,000 yangeonekana. Lilipatikana moja, nalo la kutiliwa shaka.

Mwanya bado upo. Mashimo mepesi zaidi ya hayo, yenye uzito wa asteroidi, ni madogo mno kuikuza nyota, na ni baridi mno kuvuja miale ya kuyafichua. Humo hakuna aliyeweza kuyafukuza. Yanaweza hata kuwa ndiyo maada ya giza yote.