Kidokezo Kikisomwa na Mtoto kwa Mama Yake: Uhakiki wa Vidokezo vya Tovuti Moja ya Nakivale

Maandishi ninayoyahakiki katika makala hii hayafiki maneno mia nne, na aliyeyaandika ni mimi. Ni vidokezo ishirini na sita vya Kiswahili katika tovuti ya kikundi kimoja cha vijana wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ambayo watu huitumia kujiandikisha kwa mafunzo ya ushonaji, kompyuta na Kiingereza. Wenzangu wawili waliitengeneza tovuti hiyo wakiwa Mbarara, katika chumba cha kupanga. Mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nasoma Kiswahili, nikapewa kazi ya maneno. Najua kwamba mtu kujihakiki mwenyewe kunatiliwa shaka. Hata hivyo, sijaona mwenzetu yeyote darasani aliyehakiki maandishi ya aina hii, ingawa tunayasoma mara nyingi kuliko riwaya, na haya yangu yana kosa ninaloweza kulionyesha.

Kidokezo ni sentensi fupi inayojitokeza karibu na kisanduku cha kujaza ili kumwelekeza mtumiaji. Si jambo jipya. Microsoft waliwahi kuweka katika Office 97 kibanio cha karatasi chenye macho, kilichorukia kutoa msaada hata pasipoombwa. Watu walikichoka, na toleo la 2007 likaja bila hicho. Kwa upande wa Kiswahili, mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza lugha yetu. Kazi ngumu ya watangulizi hao ilikuwa kuyapatia majina mambo ya kompyuta. Nami nilipoanza niliamini kwamba istilahi ikipatikana, kazi imekwisha. Nikakaa na orodha za istilahi usiku kucha.

Kosa la kwanza nilitaje haraka kwa sababu halikuwa la lugha. Vidokezo vilitokea pale tu kishale cha kipanya kilipopita juu ya alama ya kuuliza. Nakivale watu wanajiandikisha kwa simu, na kidole hakielei juu ya kioo kama kishale. Ama kimegusa ama hakijagusa. Vidokezo vyangu vyote vikawa havionekani. Tulivishusha chini ya visanduku, vikakaa hapo muda wote, na jambo hilo likaisha jioni moja.

Kosa la pili lilikuwa la majina, na hili lilimgharimu mtu. Kidokezo cha kwanza kilisema: "Andika jina lako la kwanza." Cha pili: "Andika jina lako la ukoo." Mtu aliyesoma Uganda haoni tatizo hapo. Lakini Mkongomani aliyesoma kwao ana vyeti vyenye 'nom', 'postnom' na 'prénom', kwa mpangilio huo, utaratibu uliokita mizizi tangu mwaka 1972 Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo na watu wakalazimika kujaza nafasi hiyo kwa majina ya asili. Kwake, jina la kwanza ni lile linaloandikwa la kwanza, yaani 'nom'. Ndugu zetu Wasomali hufuatisha jina la mtu, la baba na la babu. Ukoo ni jambo jingine kabisa. Mrundi au Mnyarwanda kwa desturi hupewa jina lake peke yake, ambalo huenda halifanani hata na la kaka yake wa tumbo moja. Hawa wote wanaishi Nakivale, na wote niliwaambia waandike jina la ukoo. Nilidhani nimeandika Kiswahili, kumbe nilikuwa nimeandika fomu ya Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili.

Orodha ya waliochaguliwa ilipolinganishwa na karatasi ya familia, ile ambayo kila mtu kambini anaiita atestesheni, majina kadhaa hayakuoana. Mmoja wao alikuwa binti wa jirani yetu, aliyekuwa ameshaazima cherehani ya kufanyia mazoezi. Alifuata kidokezo changu neno kwa neno. Akaambiwa angoje awamu nyingine. Mama yake alipoitaja habari hiyo nyumbani kwetu hakujua kwamba maneno yale ni yangu, na sikumwambia siku ile. Nilikwenda kumwambia wiki iliyofuata.

Marekebisho yalikuwa mepesi: "Andika majina yote matatu kama yalivyo kwenye atestesheni, kwa mpangilio uleule." Kisanduku kimoja badala ya viwili. Ningeweza kuishia hapo na kusema kwamba mwandishi wa vidokezo aijue hadhira yake, jambo ambalo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Ila kuna niliyoyaona baadaye, na ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii.

Nilikuwa likizoni, nimepanda taksi kutoka Mbarara asubuhi, na mchana nikaketi katika duka moja la Base Camp wanapochaji simu na kutoa fotokopi. Akaingia mama mmoja na mwanawe wa miaka kama kumi na moja. Mtoto ndiye aliyeshika simu. Mama alikaa kwenye benchi, atestesheni mapajani, na mtoto akawa anamsomea. Nilizitambua sentensi zangu. Alipofika penye "Bofya", alinigeukia: "Yaya, bofya ni nini?" Nikamwambia ni kufinya. "Kumbe finya," akasema, akafinya. Penye "Uga huu ni wa lazima" hakuuliza, aliruka. Kisha akafika kidokezo cha kumi na nne, nilichokiandika hivi: "Hakikisha taarifa ulizojaza ni za kweli. Usidanganye."

Akasoma sentensi ya kwanza. Ya pili akaianza, akaikatiza katikati. Mama akauliza, "Ni nani anasema vile?" Mtoto akajibu, "Ni telefone." Kisha akashusha sauti akasema, "Mama, wanauliza tu kama yote iko sawa."

Katika fasihi tunafundishwa kuuliza swali lilelile la yule mama: ni nani anayesema, na anamwambia nani? Mimi nilimwazia msomaji mmoja, mtu mzima, peke yake na kioo chake. Msomaji huyo Nakivale yupo, lakini mara nyingi wasomaji ni wawili. Mmoja ana habari zinazotakiwa, mwingine ana macho ya kusoma na kidole cha kufinya. Kidokezo kinapita katika kinywa cha mmoja kwenda sikio la mwingine. Kwa hiyo ni maandishi ya kusemwa, yenye fanani na hadhira, na fanani wake ni mtoto. Hapo "usidanganye" inakuwa mtoto anamwambia mama yake asidanganye. Sentensi yangu ilikuwa sahihi kisarufi. Hata kwa kanuni za mazungumzo za Grice tulizozisoma, ilikuwa fupi, wazi na inayohusiana na jambo. Ila haikuweza kusomwa kwa sauti katika duka lile bila kumvunjia mtu heshima, na mtoto wa darasa la tano aliliona hilo kabla yangu. Zaidi ya hayo, tafsiri yake ilikuwa bora kuliko sentensi yangu: aliacha amri akaweka swali, na msemaji akamwita "wao".

Nikarudi kwenye vidokezo vyote na kuvisoma kwa sauti, nikijifanya nipo mbele ya mama yangu. Tisa vilinishinda. Vile nimeviandika upya kwa kauli ya kutendwa: "Majina yanaandikwa kama yalivyo kwenye atestesheni." "Penye kosa panaweza kusahihishwa kabla ya kutuma." Mmoja wa wale wenzangu wa Mbarara alipinga. Alisema kauli ya kutendwa inanukia tangazo la ofisi ya serikali, inaficha mtendaji, na inakula nafasi kwenye kioo kidogo. Ana haki katika hilo la mwisho. Katika hilo la mtendaji, nadhani kufichika kwake ndiko kunakomwokoa mtoto.

Lakini sikuondoa amri zote. Nilipozipanga upya niligundua kwamba zilikuwa za aina mbili. Kuna amri za mkono: finya hapa, shuka chini, piga picha ya karatasi. Hizo anaambiwa mwenye simu, naye ni mtoto. Amri inamfaa na haimchukizi. Na kuna maneno yanayomhusu mwenye habari, yaani umri wake, jina lake, ndoa yake. Hayo ndiyo yanayotaka kutendwa au kuulizwa. Basi tovuti moja ina nafsi mbili zinazosemeshwa, na Kiswahili kinatupa njia za kuzitenganisha bila kuweka hata neno moja la "tafadhali". (Nililiweka "tafadhali" mara kumi na moja katika toleo la kwanza. Mtoto yule hakulisoma hata mara moja.)

Kidokezo cha tisa ndicho kimebaki. Kinahusu tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi waliandikishwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu siku yenyewe haikujulikana, na toleo langu la zamani lilisema: "Kama hujui tarehe yako ya kuzaliwa, andika 01/01." Nimejaribu "Tarehe inaandikwa kama ilivyo kwenye atestesheni", nayo inatosha kwa mashine. Nilipomsomea mama yangu aliniambia kwamba yeye tarehe yake anaijua, alizaliwa wiki ya mavuno ya maharage, ni wale waliomwandikisha ndio hawakuijua. Nafasi ya kidokezo hicho kwenye tovuti kwa sasa iko wazi.