Kuvuja na Kufuja: Uhakiki wa Istilahi katika Mwongozo wa Kuchomelea kwa Gesi

Miongoni mwa matini tulizoletewa mwaka huu ili tuzisome kabla hazijapigwa chapa, imo tafsiri ya mwongozo mfupi juu ya mashine ndogo za kuchomelea vyuma. Mwongozo wenyewe asili yake ni Kiingereza, nao uliandikwa kwa ajili ya watu wa Uingereza ambao huchomelea katika mabanda ya nyumbani kwao siku za mapumziko: huyu anaziba kutu katika mlango wa gari kuukuu, yule anaunda lango la bustani. Shabaha yake ni moja, nayo ni kumwonyesha mwenye mashine ya namna hiyo jinsi ya kuirekebisha ili isimalize mtungi wa gesi bure.

Hapana shaka kwamba mfasiri ana Kiswahili kizuri. Sentensi zake zinasomeka, upatanisho wa ngeli haukosewi, na tunampongeza hasa kwa kuliepuka neno "kulehemu", ambalo wafasiri wengi hulikimbilia ilhali maana yake ni kuunga kwa risasi au bati pasipo kuyeyusha vyuma vinavyoungwa. Hata hivyo tumelazimika kuirudisha kazi yake. Sababu yetu si sarufi, bali ni istilahi chache, ambazo mojawapo, tusipoirekebisha, yaweza kumwua msomaji.

Tuanze na kichwa cha habari. Mfasiri ameandika: "Kuboresha Mchomeleaji wa Uraibu ili Kuzuia Uvujaji wa Gesi." Msomaji asiyejua Kiingereza ataelewa kwamba yuko mtu, fundi, aliyezoea kuchomelea kama mwingine alivyozoea tumbaku, na kwamba anakusudiwa kuboreshwa, pengine kwa mafunzo au kwa kupandishwa daraja. Kosa limetoka katika lugha chanzi, kwani Waingereza hutumia neno moja kwa mtu achomeleaye na kwa mashine yake. Kiswahili hakina utata huo. Mtu ni mchomeleaji, chombo ni mashine ya kuchomelea, na mfasiri hana ruhusa ya kutuletea utata ambao lugha yetu ilikwisha kuutatua zamani. Ama hilo "uraibu", tungeridhika na "mashine ndogo ya nyumbani", maana ukubwa wa mashine na mahali pa kutumiwa ndiyo mambo yanayomfaa msomaji. Kama mwenyewe anachomelea kwa furaha au kwa riziki, hilo si jambo la gesi.

Lakini neno lililotukalisha muda mrefu ni "uvujaji". Mwongozo wa asili unazungumzia upotevu. Mfasiri ameufanya upotevu wote kuwa kuvuja, ilhali Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyotofautiana kwa sauti moja tu: gesi huvuja, na mtu huifuja. Kuvuja ni kutoka pasipotakiwa, kwa mfano katika kiungo cha mpira kilicholegea, na dawa yake inajulikana na kila fundi: paka maji ya sabuni, tazama povu linapochemka, kaza. Kufuja ni kutumia kupita haja. Gesi inayofujwa hutoka palepale inapopaswa kutoka, katika mdomo wa tochi, ila hutoka nyingi mno au kwa wakati usiofaa. Maji ya sabuni hayawezi kuionyesha. Kwa hiyo msomaji wa tafsiri hii atapaka sabuni kutwa, asione povu, kisha ahitimishe kwamba mashine yake ni nzima, na mtungi utaendelea kuisha kama kawaida.

Ili wasomaji wetu ambao si mafundi watufuate, yafaa tueleze kwa ufupi mashine hii inavyofanya kazi. Waya mwembamba husukumwa na mota ndogo hadi kwenye mdomo wa tochi. Umeme huruka kati ya ncha ya waya na chuma kinachoungwa, waya huyeyuka, na chuma nacho huyeyuka kidogo. Wakati huohuo gesi hutoka kuuzunguka waya na kukifunika chuma kilichoyeyuka ili oksijeni na naitrojeni za hewani zisikiguse, kwani zikikigusa kiungo hujaa vitundu na kukosa nguvu. Njia hii ilianzishwa Marekani mwaka 1948, katika taasisi ya Battelle Memorial Institute, kwanza kwa ajili ya alumini. Kabonidayoksaidi ilianza kutumiwa kwa chuma cha pua katika miaka ya 1950.

Sasa upotevu mkubwa unatokea wapi? Baina ya mtungi na mashine upo mpira. Triga ikiachiwa, vali hufunga, lakini regyuleta huendelea kuujaza mpira hadi kanieneo ndani yake lilingane na lile lililowekwa. Tuchukue mpira wa mita 3 wenye kipenyo cha ndani cha milimita 6. Ujazo wake ni kama mililita 85. Kanieneo ndani yake likiwa bar 2 juu ya lile la hewa ya nje, humo zimebanwa mililita 170 za ziada. Fundi akifinya triga, ziada hiyo hutoka kwa mpigo mmoja kabla mtiririko haujatulia. Kwa mtiririko wa lita 10 kwa dakika, kiasi hicho ni gesi ya sekunde nzima. Anayechomelea mstari mrefu hatakisikia. Lakini anayeshikiza bati la gari nukta kwa nukta, kila nukta sekunde moja, anatumia karibu maradufu ya anachohitaji. Mtungi mdogo wenye gramu 600 za kabonidayoksaidi hutoa takriban lita 330, yaani zaidi kidogo ya nusu saa kwa mtiririko huo. Kwa kazi ya nukta utakuwa umekwisha katikati ya kazi.

Huo mpigo wa kwanza mwongozo wa asili unauita kwa jina lake maalumu, na ndio kiini cha mafundisho yote. Tafsiri inausema mara tatu kwa majina matatu: "wimbi", "msukumo" na "kuvuja kwa ghafla". Tunapendekeza "mfoko", kutokana na kitenzi foka, kwa kuwa hivyo ndivyo maji au mvuke uliozuiliwa unavyotoka unapopata upenyo. Likikubaliwa jina moja, mafundisho yanaeleweka: ili kupunguza mfoko, tumia mpira mwembamba zaidi, kwa maana kipenyo kikipungua nusu ujazo hupungua hadi robo, na ule wa mililita 85 unakuwa wa 21, au tia kizuizi chenye tundu dogo karibu na vali, au punguza kanieneo la regyuleta pale muundo wake unaporuhusu.

Hapo tunafikia "nguvu ya gesi". Mfasiri ametumia maneno haya mahali pa dhana mbili zilizo mbali kama kimo cha tangi la maji na wingi wa maji yanayotoka bombani. Kanieneo, ambalo mafundi huliita presha, ni jinsi gesi inavyobana. Hupimwa kwa bar. Mtiririko ni wingi wa gesi unaopita katika muda fulani. Hupimwa kwa lita kwa dakika. Shule zetu zinalifundisha neno "kanieneo", lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo, na hatuoni sababu ya mfasiri kuliona geni. Akitaka "presha" hatutamgombeza, mradi asilitumie kwa mtiririko. Tazama hatari yake: tafsiri inamwambia msomaji kwamba kiungo kikiwa na vitundu "aongeze nguvu ya gesi". Ataongeza. Mtiririko ukizidi mno, gesi haitoki tena kwa utulivu bali huvurugika mdomoni na kuvuta hewa ndani yake, na vitundu huzidi. Naye ataongeza tena. Matini ya asili inashauri kipimo kidogo cha mtiririko kinachowekwa kwenye mdomo wa tochi, ili mtu asome lita zinazofika kwenye kazi badala ya kuamini geji iliyo mtungini. Shauri hilo jema limepotea kabisa katika tafsiri, kwa sababu pale pameandikwa "pima nguvu", na nguvu haijulikani itapimwa kwa nini.

Juu ya vali tutasema machache, ingawa kosa lake linachekesha. Mashine nyingi za bei nafuu zina vali ndogo ndani ya kishikio cha tochi, inayofunguliwa kwa kidole kupitia triga. Vali hiyo huchakaa, na hapo kwa kweli gesi huvuja, katika maana halisi ya neno. Urekebishaji mkubwa unaopendekezwa ni kuiondoa na kuweka ndani ya mashine vali inayofunguliwa kwa umeme. Mfasiri ameziita zote mbili "vali ya kudhibiti", akaita regyuleta "kidhibiti", na matokeo yake ni agizo hili: "Badilisha vali ya kudhibiti kwa vali ya kudhibiti." Tunashauri "vali ya kishikioni" na "vali ya umeme". Wanaopenda "solenoidi" waitumie katika orodha ya vipuri, kwa kuwa dukani ndilo neno litakalowafaa.

Tumeliacha nyuma lile la hatari ili tulitazame kwa nafasi. Gesi inayokinga chuma kilichoyeyuka mfasiri ameiita, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, "gesi ya usalama". Pengine "hewa ya usalama". Tunaelewa alivyofika huko: jina la Kiingereza limetokana na ngao, ngao huleta ulinzi, ulinzi huleta usalama. Lakini usalama wa nani? Gesi hii haimlindi mchomeleaji hata kidogo. Inalinda chuma dhidi ya hewa, na kwa kazi hiyohiyo inamwondolea binadamu hewa yake. Agoni ni nzito kuliko hewa kwa kama mara 1.4, kabonidayoksaidi kwa mara 1.5; zote mbili hazina rangi, na agoni haina harufu yoyote. Katika chumba kidogo kilichofungwa hujikusanya chini, huisukuma oksijeni, na mtu aliyeinama chini ya gari aweza kuzirai pasipo kuonywa na kikohozi wala harufu.

Sasa iunganishe istilahi hiyo na shauri jingine la mwongozo huu, ambalo peke yake ni la haki: mtu asichomelee penye upepo, kwani upepo hupeperusha gesi na kuifuja. Tafsiri imeandika: "Funga milango ili gesi ya usalama isitoroke." Mbele ya maneno hayo, mtu mwaminifu atafunga milango na madirisha, ataacha mtungi wazi usiku, na atajihisi analindwa. Kosa la namna hii si la kimtindo, na hatukubaliani na wale wanaosema kwamba msomaji ataelewa kutokana na muktadha. Muktadha wenyewe ndio unaomsukuma kwenye hatari.

Istilahi tunayoipendekeza ni "gesi kinga". Tunakiri kwamba "kinga" nayo yaweza kuulizwa: inamkinga nani? Kwa hiyo tunataka mara ya kwanza inapotajwa ifuatwe na maelezo, kwamba ni gesi inayokinga chuma kilichoyeyuka kisiguswe na hewa, na kwamba haifai kuvutwa na binadamu. Neno "hewa" liondolewe mahali pote linaposimama badala ya gesi hii. Tunajua kwamba "hewa ukaa" imeenea kwa kabonidayoksaidi, na katika habari za mazingira hatuna ugomvi nayo. Lakini katika karakana hii hewa ndiyo adui anayefukuzwa, na haiwezekani adui na mlinzi wakapewa jina moja.

Limebaki jina la njia yenyewe. Mfasiri ameifafanua MIG kuwa "uchomeleaji wa chuma kwa gesi ajizi". Wapo wenzetu wasioipenda "ajizi" kwa sababu ya ile nyumba ya njaa, lakini sisi tunaona inafaa, kwani agoni kwa kweli haijishughulishi na chochote. Tatizo ni kwamba ukurasa unaofuata unamshauri msomaji atumie kabonidayoksaidi, ambayo katika joto la cheche hupasuka na kutoa oksijeni, na hivyo si ajizi. Waingereza wenyewe wamezoea kusema MIG kwa njia zote mbili. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4063 hakikubali, nacho kimeipa ile ya gesi ajizi namba 131 na ile ya gesi tendaji namba 135, kwa waya usio na kiini. Katika mwongozo wa nyumbani tungesema "uchomeleaji wa waya na gesi", na herufi za MIG ziachwe kama zilivyobandikwa kwenye mashine.

Tulipoirudisha kazi tuliambatanisha na orodha ya mapendekezo haya, pamoja na "kishikio" mahali pa "bunduki" na mahali pa "tochi". Mfasiri amejibu. Amekubali yote, na ile sentensi ya milango ameiandika upya: mlango ubaki wazi, na kazi izibwe upepo kwa ubao ulio karibu nayo. La tochi peke yake amelikataa. Amesema aliwapelekea matini mafundi watatu, na wote walipofika kwenye "kishikio" waliuliza ni kishikio cha nini. Tumemwachia tochi yake.