Kroisanti Imefika Nshamba, Waitu!

Waitu, keti. Keti kabisa, maana nikikusimulia tumesimama nitarukaruka mpaka majirani watoke nje! Nimeshuka kwenye basi jana jioni tu, begi bado halijafunguliwa, na vidole vyangu mpaka sasa vinanukia siagi. Siagi tamu, nzito, ya ukweli ukweli! Nimeila kroisanti, rafiki yangu. Nimeishika kwa mikono yangu hii ingali ya moto. Na bado!

Ilikuwa hivi. Niko Dar, Masaki, natembea Barabara ya Haile Selassie asubuhi kabla jua halijakaza. Mara harufu hiyo! Si ya maandazi, ingawa wana undugu. Ni kama mtu ameyeyusha siagi, akaiacha iungue kidogo, kidogo tu, akanyunyizia sukari, halafu akauachia upepo mlango wazi. Nikaifuata kwa pua mpaka Épi d'Or, bekari ya mtindo wa Kifaransa. Jina lenyewe maana yake ni suke la dhahabu, na kweli! Ndani ya kabati la vioo kila kitu kinang'aa rangi ya mavuno: vya kupinda kama mwezi mchanga, ndizo kroisanti zenyewe, vya mraba, virefu, vinene, vinavyometameta, vyote vinakuita kwa jina lako!

"Dada, chukua kroisanti hizi, ndiyo kwanza zinatoka," akaniambia kijana wa kaunta, koleo mkononi. Sikungoja aniambie mara ya pili.

Jambo la kwanza: nyepesi! Nyepesi kama kiota cha ndege! Unaiona imejaa, imevimba, unajiandaa kubeba kitu, halafu mkono unapanda wenyewe. La pili ni sauti. Unapita kibanjani wakati wa kiangazi, majani makavu ya mgomba yanavunjika chini ya miguu, unaisikia ile sauti? Ndiyo hiyo hiyo, sasa iweke mdomoni! Kwaru, kwaru, kwaru, halafu ghafla kimya, laini, joto, unyevu wa siagi, mashimo mashimo kama sega la nyuki. Nje panavunjika, ndani panavutika. Chumvi kwa mbali, utamu kwa mbali zaidi. Nilifumba macho pale pale kwenye kiti!

Sasa sikia siri yake, maana hii ndiyo iliyonimaliza. Unaijua chapati yetu ya kusukuma. Unasukuma donge, unapaka mafuta, unaviringisha kama konokono, unaliacha lipumzike, unasukuma tena, na ndiyo maana ikiiva inachambuka. Basi kroisanti ni ndugu yake, ndugu wa tumbo moja! Ila donge lake lina hamira, na siagi haipakwi. Ni bapa zima linalofungiwa ndani ya donge, linasukumwa, linakunjwa tatu kama barua, linalazwa kwenye baridi ili siagi isiyeyuke, linasukumwa, linakunjwa tena, na tena. Mikunjo mitatu ya namna hiyo inazaa safu 27 za siagi. Ishirini na saba, ndani ya kitu kinachoenea kiganjani! Ikiingia kwenye tanuri kali, maji yaliyomo ndani ya siagi yanageuka mvuke, na mvuke unainua kila safu, unaiachanisha na mwenzake, inavimba, inasimama! Na bado!

Bado, kwa sababu kuna ile ya mraba yenye chokoleti ndani. Unauma, hakuna chokoleti. Unauma tena, na hiyo hapo, nyeusi, chungu kidogo, inayeyuka ulimini polepole kama inakubembeleza! Kuna na bageti, ule mkate mrefu kama mchi. Ukiibonyeza ikiwa bado moto, ganda linalia chini ya kidole. Unga, maji, chumvi, hamira, basi, hakuna kingine, na ufundi wake umepata heshima mpaka UNESCO, walioutia kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2022. Mkate, jamani! Mkate wa kila siku, wa kubeba kwapani!

Na usije ukaniambia hivi ni vitu vya watu wa mbali. Kroisanti yenyewe hata Paris ni mgeni. Asili yake ni Vienna, Austria. Mwaustria August Zang alifungua bekari ya Kivienna mjini Paris mwishoni mwa miaka ya 1830, Wafaransa wakaonja, wakapagawa, wakaja kuikunja kwa siagi kwa mtindo wao. Ni msafiri huyu! Kama alitoka Vienna akafika Paris, akatoka Paris akafika Masaki, nini kimzuie kufika Nshamba?

Nikanunua sita. Zikapakatwa magotini kama kifaranga: Dodoma, Singida, Kahama, Biharamulo, mpaka Muleba, halafu bodaboda kupanda mpaka huku Nshamba, boksi nimelikumbatia. Zilikuwa zimelegea, kweli, ganda limenywea. Lakini sikia dawa yake: kikaango kikavu, moto mdogo wa mkaa, funika dakika chache. Zikaamka! Zikaanza kunukia nyumba nzima, watoto wakatokea kila upande!

Bibi akachukua moja, akaiweka sikioni kwanza, akaibonyeza. "Waitu, inaongea!" Akauma. Akanyamaza. Akauma tena. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Siagi yote hii wameificha wapi?" Nikamweleza mikunjo. Akaitikia kwa kichwa, akainuka, akachemsha kahawa. Kahawa yetu hii hii ya Kagera, nyeusi, kali, nzito, ambayo wazee wetu waliitafuna na kumkaribishia mgeni muda mrefu kabla haijawa kinywaji cha kikombeni. Nikachovya ncha ya kroisanti. Rafiki yangu! Ile siagi na ule uchungu vilikutana kama mashemeji waliotafutana miaka mingi! Hata kule Masaki sikuupata utamu huo, kwa sababu kule Bibi hakuwepo!

Ukishuka Dar, pita pale. Nenda mapema, omba ya moto, usiifunge ukaenda nayo, ile pale pale! Nakusihi!

Na bado! Leo alfajiri nimeamshwa na mlio wa kifimbo cha kusukumia. Naenda jikoni, namkuta Bibi kainamia kibao, kapanga samli katikati ya donge, anakunja tatu kama barua. Anafunika kwa bakuli, anangoja. Anasukuma, anakunja tena. Hasemi neno. Chapati ya kwanza ilipotoka kikaangoni akaiinua mpaka sikioni mwangu, akaibonyeza.

Kwaru!