Ufundi wa Kutunza

Katika maandishi ya muziki wetu, waimbaji na wapigaji wamepewa haki yao. Siti binti Saad aliandikiwa wasifu na Shaaban Robert. Wapiga udi na kanuni wa Unguja wanatajwa kwa majina, pamoja na walimu waliowafunza. Mtu ambaye ni nadra kupewa hata ukurasa mmoja ni yule anayetoka katikati ya viti na noti mkononi, mwimbaji akiwa bado anaimba, akaenda mbele kwa hatua za mdundo, akatoa tuzo yake, akarudi kukaa. Nimekuwa nikihudhuria taarab tangu nikiwa mtoto wa kushikwa mkono na shangazi zangu, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyomtazama huyu kuliko ninavyolitazama jukwaa. Anachokifanya ni ufundi. Una kanuni zake na mabingwa wake, na pasipo huyo wimbo wa taarab huwa haujakamilika.

Nieleze kwanza jinsi wimbo wenyewe ulivyojengwa, maana ufundi wa kutunza umekaa humo. Wimbo wa taarab ya zamani kwa kawaida una beti za mistari mitatu mitatu, vina vya kati na vya mwisho, mizani minane kwa kila kipande. Mstari hauimbwi mara moja ukaachwa. Mwimbaji huutoa, fidla na akodioni zikamwitikia, kisha akaurudia, na baada ya ubeti kikaja kiitikio. Wimbo mmoja unaweza kuchukua robo saa au zaidi. Asiyezoea hudhani ni kuvuta muda. Mpenzi wa taarab anajua kwamba marudio yale ndiyo nafasi yake: mstari ukiimbwa mara ya kwanza anausikia, anaupima, anaona unamhusu nani, ukirudiwa, yeye yuko wima.

Na mashairi yenyewe yanamngoja. Malenga wa taarab hamtaji mtu. Atataja njiwa, waridi, chombo kilichokatika nanga, embe lililoivia uani kwa jirani, na ataishia hapo. Njiwa ni nani? Chombo ni cha nani? Shairi limenyamaza makusudi. Anayejibu ni mwanamke wa safu ya tatu, kwa kuinuka kwake. Akiinuka kwenye mstari wa njiwa aliyerejea, ukumbi unaelewa kwamba yule aliyekuwa Muskat amerudi nyumbani, na wenye habari za mtaa wanageuza shingo kumtafuta mtu fulani waone amepokeaje. Mstari uliokuwa wa kila mtu umepata mwenyewe. Ukimalizika, unarudi kuwa wa wote, na ubeti unaofuata mwingine ataudai.

Linganisha na desturi nyingine ya kutoa fedha: katika muziki wa Kinshasa, na baadaye kwenye bendi za Dar es Salaam zilizofuata nyayo hizo, mfadhili hutoa fedha ili jina lake litajwe ndani ya wimbo. Wakongo huiita libanga. Ni desturi iliyowalisha wanamuziki wengi na siidharau. Ila anayetajwa hana kazi nyingine zaidi ya kulipa. Mtunzaji wa taarab hanunui neno, kwa kuwa neno lipo tayari. Anachokileta ni maana, tena anaileta kwa mwili wake mwenyewe mbele ya watu wanaomjua tangu kuzaliwa. Akikosea mstari, hana wa kumsingizia.

Kazi yake huanza mbali na ukumbi, siku nyingi kabla. Huanza jikoni, redio au simu ikiwa juu ya kabati, wimbo ule ule ukipigwa huku nazi inakunwa, mpaka kila mstari unajulikana ulipo na unapovuta pumzi. Huendelea dukani, kwenye kanga, maana maneno ya kanga na mistari ya taarab yamekuwa yakipeana tangu zamani: msemo hutoka kwenye wimbo ukachapwa kwenye kanga, na mwingine hutoka kwenye kanga ukaimbwa. Huenda hadi kwa fundi cherehani, kwa sababu marafiki wanaokwenda pamoja watavaa sare, na rangi ya sare inaamuliwa kwa vikao. Mpenzi wa kweli ana mistari aliyoiweka akiba. Huu ni wa dada aliyenisimamia mambo yalipokuwa magumu. Huu ni wa yule anayenisema kisimani. Hajui utaimbwa lini, ila ukiimbwa utamkuta tayari.

Kisha kuna noti. Siku yenyewe pesa huvunjwa mapema, kwa sababu hakuna aliyewahi kudai chenji kwa mwimbaji. Mwaka 2014 Benki Kuu ya Tanzania ilipotoa sarafu ya shilingi 500 ichukue nafasi ya noti, hoja ilikuwa kwamba noti hizo zinapita mikono mingi na kuchakaa haraka. Hoja ni ya kweli. Lakini ukumbini sarafu haina kazi: haipepei, haishikiki kati ya vidole viwili ikaonekana kutoka safu ya nyuma. Noti ndogo ikawa ya 1,000, na mwanamke wa kipato cha chini akalazimika kuchagua mistari yake kwa uangalifu maradufu. Nimewaona wengi wa aina hiyo, na ndio walionifundisha zaidi. Mwenye noti mbili tu usiku kucha hainuki ovyo.

Mtazame sasa anavyokwenda. Hakimbii, wala haendi moja kwa moja. Anaanza kucheza pale pale kwenye kiti chake, mabega kwanza, mpaka mwendo wake umekaa ndani ya mdundo wa dumbaki, ndipo anatoka. Mkono wenye noti uko juu, umelegea kwenye kiwiko. Njia ya kwenda jukwaani ni fupi, naye anaichagua iliyo ndefu, apite karibu na anayekusudiwa. Kama mstari ni wa mapenzi, macho yanamtangulia kwa huyo mtu na kidole kinagusa kifua. Kama ni kijembe, macho hayamwangalii mlengwa hata kidogo. Mkono wa kushoto tu ndio unaoashiria upande alipo, na mwili mzima unamfahamisha. Lazima afike mbele kabla mstari haujaisha. Kuwahi sana kunamwacha amesimama bila neno. Kuchelewa kunampeleka kwenye mstari unaofuata, ambao huenda unasema kinyume cha alichokusudia. Nimeona mtu akikutwa na kipande cha shairi kilichomgeukia yeye mwenyewe akiwa mbele ya watu, na ukumbi ulilipuka.

Mwimbaji anapokea bila kukata sauti. Noti inapita vidoleni kwenda kwa mwenzake wa nyuma au kwenye chombo kilichowekwa, na jicho la mwimbaji limekwisha kusoma kila kitu: nani katoa, kaelekea wapi, nani kanuna. Mwimbaji mahiri akiona mstari umewaka ataurudia, mara ya tatu, ya nne, ili mwingine naye apate kuujibu. Hapo ndipo ninaposema wimbo unatungwa upya. Shairi liliandikwa na malenga, lahani ikatiwa na mwanamuziki, lakini urefu wa wimbo usiku huo, mstari upi uwe moyo wake na upi upitwe, yameamuliwa na watu waliokaa kwenye viti. Ni kama bao: kete zinaonekana na wote, na bado wachezaji wawili tu ndio wanaojua mchezo unaelekea wapi.

Tusidhani kwamba yote ni ugomvi. Kijembe ndicho kinachosimuliwa kesho yake, kwa hiyo ndicho kilichojulikana. Ninachokikumbuka kuliko vyote kilitokea kwenye harusi moja Tanga. Mama mtu mzima, ambaye watu wa pale walijua kwamba hakuitaka ndoa ile, aliinuka kwenye mstari wa subira. Kila mtu alisubiri aone atamlenga nani. Alikwenda mbele taratibu, akaipitisha noti juu ya kichwa cha bibi harusi, akampa mwimbaji, kisha hakurudi kwenye kiti chake. Alikwenda kukaa upande wa wakwe. Hotuba yoyote ya baraka ingekuwa ndogo mbele ya jambo lile.

Desturi hii ina mizizi yake. Taarab inayosimuliwa kuletwa Unguja enzi za Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ilikuwa ya jumba la kifalme na ya lugha ya Kiarabu. Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905, kilikuwa cha wanaume. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, ndiye aliyeiimba kwa Kiswahili ikawafikia watu wa kawaida. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, na nyimbo zake ziligusa mambo ya mtaani na hata kesi za mahakamani. Tangu hapo msikilizaji hakuwa tena mgeni wa wimbo. Habari zake mwenyewe zilikuwa zinaimbwa. Vikundi vya wanawake vilipozuka, vikawa na wapinzani wao: Unguja palikuwa na Nuru-el-Uyuni na Sahib-el-Ari, na Mombasa, katika ngoma ya wanawake ya lelemama, Ibnaal Watan na Banu Saada. Ushindani ukawafunza watu kusikiliza kwa ukali.

Miaka ya 1990 ilikuja na kilele chake Dar es Salaam. Kikundi cha TOT kilikuwa na Khadija Kopa, kile cha Muungano kilikuwa na Nasma Khamis, na wimbo wa huku ulijibiwa na wimbo wa kule. Maneno yalikuwa wazi zaidi, ala zikawa za umeme, watu wakaacha kukaa wakawa wanacheza, na wazee wengi walilia kwamba taarab imekufa. Kwa upande wa ushairi walikuwa na hoja, maana fumbo lilipungua. Lakini kwa mtunzaji ule ulikuwa wakati mgumu na mzuri. Mwimbaji akishasema kila kitu waziwazi, anayeinuka hana la kuongeza isipokuwa namna ya kuinuka, na wanawake wa Magomeni na Temeke waliikuza namna hiyo mpaka watu wakawa wanaingia ukumbini kuwatazama wao.

Wanaolaumu hutaja israfu na majivuno. Israfu ipo. Kuna anayemwaga noti kila mstari, wimbo usijulikane unamwambia nani, na huyo namwona ni mtu mwenye pesa nyingi na sikio dogo. Lakini tukumbuke tuzo hizo zimelisha nani. Kwa miongo mingi kurekodi kulimaanisha Radio Tanzania Dar es Salaam, na malipo yalikuwa kidogo. Kanda zilinakiliwa mitaani bila mwimbaji kuona senti. Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa 1999, na hata baada yake kipato cha muziki hakikunyooka kwa siku moja. Muda wote huo noti ya ukumbini ilitoka mkono hadi mkono. Kwenye vikundi vingine iliingia mfuko wa wote, kwingine mwimbaji aliichukua, lakini ilifika, na hakuna aliyeweza kuinakili. Anayeiita israfu na aseme ni njia gani nyingine iliyokuwepo ya kumlipa mwanamke aliyeimba mpaka alfajiri.

Kuna jambo linalonisumbua. Siku hizi kila sherehe ina mpiga video, na kila onyesho lina simu mia zimeinuliwa. Nimetazama picha nyingi za aina hiyo. Kamera imemkazia mwimbaji tangu mwanzo hadi mwisho. Mkono wenye noti unaingia kutoka pembeni, unatoka, na hatujui ulikuwa wa nani, ulipitia wapi, wala aliyejibu alijibu kwa mstari upi. Tunahifadhi nusu ya wimbo na kudhani tumeuhifadhi wote. Watafiti wa baadaye watakuwa na sauti safi kabisa, na wasielewe kwa nini mstari mmoja ulirudiwa mara sita.

Kwa hiyo nawaomba wapiga video wa harusi, watu wa televisheni, na wote wanaohifadhi muziki wa pwani: wekeni kamera ya pili iangalie watu. Na wale mabingwa wa miaka ya tisini wengi sasa ni bibi, wapo Magomeni, wapo Ng'ambo ya Unguja, wapo Ngamiani ya Tanga, wanakumbuka mistari yao na walioinukiwa. Nendeni mkawaulize wangali wanaweza kusimama na kuonyesha.