Kumbukumbu na Mtazamo wa Nafsi katika Kuhakiki Sanaa ya Dhana

Tumezoea kuhakiki matini iliyo mezani. Je, utahakiki vipi kazi isiyo na matini wala picha, ila kumbukumbu za walioishuhudia?

Sanaa ya dhana ni ile ambayo kiini chake ni wazo; kitu cha kushikika si lazima. Mfano mwafaka ni kazi za Tino Sehgal, msanii aliyezaliwa London mwaka 1976. Sehgal hukataza kazi zake zipigwe picha au kurekodiwa, na hata kuziuza huziuza kwa mapatano ya mdomo mbele ya mashahidi. Mwaka 2010, katika jumba la makumbusho la Guggenheim, New York, ilitendwa kazi yake This Progress. Kuta za ukumbi mkuu ziliachwa tupu. Mgeni alipokewa na mtoto aliyemwuliza maendeleo ni nini. Huku wakikwea njia ya mzunguko, mtoto alimwachia kijana, kijana akamwachia mtu mzima, na hatimaye mgeni akafika kwa mzee.

Chukulia kuwa wageni wawili wanaisimulia leo. Mmoja anamkumbuka mtoto tu; mwingine amesahau mtoto, lakini maneno ya mzee hayajamtoka. Nani mkweli? Epuka makosa mawili hapa. La kwanza ni kumchukulia shahidi kama kamera. La pili ni kudai kwamba, kwa kuwa kila mtu ana lake, ukweli haupo. Yale wanayokubaliana hutuonyesha umbo la kazi. Yale wanayotofautiana hutuonyesha athari yake kwa hadhira. Yote mawili ni ushahidi, ila si ushahidi wa jambo moja.

Aidha, kumbukumbu huweza kubadilika kila inaposimuliwa. Kwa hivyo mhakiki hana budi kuuliza: nani anasimulia, lini, na kwa nani?

Mwalimu ataona kuwa maswali haya si mageni. Ndiyo tunayouliza kuhusu fanani na hadhira yake katika fasihi simulizi, na kuhusu msimulizi wa nafsi ya kwanza katika riwaya. Mtahiniwa anayeandika "msimulizi anakumbuka kuwa" badala ya "ilitokea kwamba" amekwisha kuanza kuhakiki.

Zoezi: "Kumbukumbu ya hadhira ni sehemu ya utendaji." Jadili ukirejelea utanzu wowote wa fasihi simulizi.