Kura 4 za Dick Spring

Wengi wanaomkumbuka Dick Spring wa Tralee, katika kaunti ya Kerry, huanza na raga: mechi 3 alizoichezea Ireland mwaka 1979, na mpira uliomponyoka Cardiff siku Wales iliposhinda 24 kwa 21. Mwaka 1981 akawa mbunge. 1982, akiwa na miaka 32, kiongozi wa chama cha Labour na Naibu Waziri Mkuu. Ni rahisi kudhani jezi ya taifa ndiyo iliyomfungulia mlango. Sikubaliani. Kerry ni ngome ya kandanda ya Kigaeli, na hadi 1971 chama kinachosimamia mchezo huo kiliwakataza wanachama wake kucheza raga. Mtaji wake ulitoka nyumbani: baba yake, Dan Spring, nahodha wa timu ya kandanda ya Kigaeli ya Kerry iliyotwaa ubingwa wa Ireland mwaka 1940, ndiye aliyekuwa mbunge wa Kerry North tangu 1943 hadi mwanawe alipokirithi kiti hicho.

Lakini kiti cha kurithi hakijilindi. Jimbo lilikuwa na viti 3, na mpiga kura wa Ireland huwapanga wagombea kwa namba. Anayefikisha robo ya kura na moja zaidi amepita; wa mkiani huondolewa, na kura zake huhamia kwa aliyeandikwa namba inayofuata. Kwa mtu wa chama kidogo mashambani, hapo ndipo penye kazi: akubalike hata kwa wale ambao namba 1 yao ni ya mwingine. Mwaka 1987, Labour ikiwa imetoka kwenye serikali iliyobana matumizi, Spring alimpita Tom McEllistrim wa chama cha Fianna Fáil kwa kura 4 tu. Mtu anaweza kusema kura 4 ni bahati, au kwamba hata hizo zililetwa na raga. Kura 4 kila mtu anaweza kuzidai, ni kweli. Nakubali pia kwamba umaarufu wa Spring ulikisaidia chama chake: mwaka 1992 Labour ilipata viti 33. Ila kama umaarufu ungetosha Kerry, angekuwa imara zaidi baada ya kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wakati wa mazungumzo ya amani ya Ireland Kaskazini. Lakini mwaka 2002 kiti chake kilichukuliwa na Martin Ferris wa chama cha Sinn Féin, diwani wa palepale Kerry.